Mimi Si Ofisi ya Maulizo

Kibao cha dukani kwangu kimeandikwa kwa rangi ya kijani, herufi kubwa, kila mwenye macho anakisoma: DUKA LA DAWA MUHIMU. Hakikuandikwa Ofisi ya Maulizo. Hakikuandikwa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, wala Ramani ya Manispaa ya Morogoro. Lakini tangu nifungue asubuhi mpaka nivute geti usiku, naulizwa. Wingi wa maswali nimeshauzoea. Kinachoninunisha ni namna yanavyokuja, maana nimekaa nyuma ya kaunta hii muda wa kutosha kujua kwamba mwanamke na mwanamume wakitaka kujua kitu kilekile, hawataniuliza swali moja. Wote wawili wananichosha, ila kila mmoja ana mlango wake wa kuingilia.

Duka liko jirani na stendi ya Msamvu, pale kwenye kipilefti ambapo barabara ya Dar es Salaam, ya Iringa, ya Dodoma na ile ya kuingia mjini zinakutana. Basi likishusha, mgeni anawaona kwanza wapiga debe, halafu bodaboda, halafu mimi. Wapiga debe anawaogopa. Bodaboda anaona wakijua ni mgeni watapandisha nauli. Nabaki mimi, mama mtu mzima niliyevaa koti jeupe, na hilo koti ndilo lililoniponza. Kila mtu ananiita dokta. Mimi si daktari. Nilisomea kozi ya watoa dawa wa maduka haya, ule mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 ili kuondokana na yale ya zamani tuliyoyaita maduka ya dawa baridi. Nauza dawa zilizo kwenye orodha, na nisiloliweza nampa mtu rufaa ya mdomo: nenda hospitali. Hakuna mahali kwenye cheti changu palipoandikwa kwamba nitaijua nyumba ya mchungaji iliyoko Kihonda karibu na ule mwembe uliokatwa.

Ndiyo, uliokatwa. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, serikali ilihangaika nchi nzima na anwani za makazi: mitaa ikapewa vibao, nyumba zikapewa namba. Vibao hivyo viko palepale, vizuri kabisa, na hakuna anayevitazama. Mtu ana namba ya nyumba kwenye simu yake lakini ananiambia ameelekezwa apite sheli, avuke mfereji, aulizie kwa fundi cherehani.

Sasa tazama wanavyoulizia.

Mwanamume haulizi. Mwanamume anathibitisha. Anashuka na begi lake, anasimama mkono kiunoni, anatazama Milima ya Uluguru kana kwamba ndiye aliyeipanga, kisha anapita mbele ya duka langu bila kusimama na kutupa neno pembeni: “Kihonda ni huku, eh?” Na uso umeshaelekea Iringa.

“Hapana kaka, Kihonda ni ile barabara ya Dodoma.”

“Aah. Na hii nayo si inafika?”

Inafika! Kwake barabara nayo ni jambo la kujadiliana. Ninamwambia haifiki, hii inakwenda Iringa. Anatikisa kichwa taratibu, kwa huruma, anasema, “Zamani ilikuwa inafika.” Basi kwa kumstahi namjibu labda zamani. Unadhani atageuka? Thubutu. Kugeuka hapohapo ni kukiri mbele ya wapiga debe wote. Ataendelea kidogo na barabara ya Iringa, kwa mwendo uleule wa mtu anayejua aendako, halafu atainama kufunga kamba za viatu, na akiinuka atakuwa ameshageukia upande wa pili. Nimewaona wanaume wengi wakifunga kamba za makubazi.

Siku hizi wana ramani za kwenye simu, na hapo ndipo hasira zangu hupanda. Huyuhuyu aliyekataa kunisimamia mimi, mtu wa umri wa mama yake, niliyekaa mji huu tangu hiyo stendi haijahamia hapa, anamtii kila neno mama wa kwenye simu ambaye hata kuitamka Kihonda hawezi. Akiambiwa pinda kulia, anapinda kulia. Akiingizwa kwenye shamba la mahindi la watu, anaingia. Mwenye shamba akimuuliza anatafuta nini, hasemi amepotea. Anasema, “Naangalia tu eneo.”

Mwanamke naye ana namna yake ya kunimaliza. Yeye kuuliza haoni haya hata chembe, ila anaanzia mbali. “Shikamoo mama. Habari za hapa? Poleni na jua. Biashara inakwendaje?” Naitikia marahaba, nasema biashara namshukuru Mungu, na nyuma yake wateja wameanza kujikohoza. Kisha ndipo inapoanza safari yenyewe: anakwenda kwa mdogo wake aliyejifungua juzi, huyu ni wa tatu, wawili wa kwanza walikuwa wa kike, shemeji alikuwa ameanza maneno, lakini Mungu si Athumani. Mpaka tunafika kwenye swali la njia, nimeshaujua uzito wa mtoto. Namwelekeza vizuri, kituo kwa kituo. Anashukuru kwa mikono miwili. Halafu, mbele ya macho yangu, kabla hata hajashuka kibarazani, anamgeukia muuza kahawa: “Samahani kaka, eti Kihonda napandia wapi?”

Ananihakiki! Na muuza kahawa akitaja kituo kingine, mama yule ananitazama kwa jicho la pole, kama vile amegundua nina ugonjwa ambao mwenyewe sijaambiwa. Atamuuliza na bodaboda, na yule binti wa vocha. Akishapata majibu manne, anayapima, anachagua la kwake, anaondoka. Na anafika. Hilo siwezi kumnyang’anya: anafika kabla ya yule wa makubazi.

Nina jirani, mwalimu mstaafu wa historia, anayekuja kila jioni kulisoma gazeti langu bure. Yeye anasema nawaonea wanaume. “Mama,” aliniambia siku moja akiwa ameikunja miwani, “mwanamume anayejulikana kuliko wote waliopita pwani yetu aliuliza njia.” Nikamuuliza nani huyo. “Vasco da Gama. Mombasa hawakuelewana, akasogea Malindi, mwaka 1498. Sultani akampa mtu wa kumwongoza baharini, na Mei ileile akawa Calicut. Aliuliza, akajibiwa, akafika.”

“Na baada ya hapo?”

Mwalimu akalifunua gazeti. Nikamwambia aseme tu, asiogope. Akasema mwaka 1505 Wareno walirudi wakaichoma Mombasa. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Waomani wakaja kuwatoa humo ngomeni mwaka 1698.

“Kwa hiyo mwalimu, kuanzia siku mgeni alipouliza njia mpaka siku wenzake walipotolewa, ni miaka mia mbili. Halafu watu wanawalaumu bodaboda wakimwona mgeni wanaanza na ‘unakaa siku ngapi?’”

Hakunijibu. Alihamia ukurasa wa michezo.

Binti yangu aliyeko chuo aliposikia manung’uniko haya aliniambia nisijisumbue, yameshaandikiwa kitabu. Kuna mtaalamu wa isimu wa Marekani, Deborah Tannen, aliyeandika mwaka 1990 kwamba kwa mwanamume mazungumzo ni ngazi: anayejibu yuko juu, anayeuliza yuko chini, kwa hiyo ni afadhali apotee yuko juu kuliko afike akiwa ameshuka. Kitabu kilikaa karibu miaka minne kwenye orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa sana. Sijui kilinunuliwa na nani, lakini naapa ni wanawake, wakawasomea waume zao, na waume wakasema hayo mbona tunayajua.

Simpingi mama wa watu. Ila huyo anazungumzia barabara. Angekaa wiki moja kwenye kaunta ya dawa angeongeza sura kadhaa.

Kwenye dawa, mwanamume anaagiza. “Nipe Panadol.” Namuuliza anaumwa nini. “We nipe tu.” Kuna mzee hapa mtaani huja kila msimu wa mvua kuagiza klorokwini. Nchi hii iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Ikaja SP, nayo ikaachwa, ikaja mseto tangu 2006. Nimemweleza mzee mpaka nimechoka. Kwanza akapime, kisha kama ni malaria kweli atapewa mseto, vinne asubuhi, vinne jioni, kwa siku tatu. Ananisikiliza kwa adabu zote, halafu anauliza, “Kwa hiyo klorokwini imeisha, mtaleta lini?”

Na yuko anayeumwa kwa niaba ya mwenzake. “Dokta, kuna jamaa yangu mmoja…” Huyo jamaa, jamani, ana shida! Anakwenda haja ndogo usiku mara nyingi, anawashwa, kiuno kinamsumbua, na yote hayo hana muda wa kuja mwenyewe kwa sababu yuko safarini. Ninapouliza maumivu yanaanzia wapi, mkono wa mjumbe unakwenda wenyewe kiunoni kwake. “Yanaanzia hapa… kwake.” Nimejifunza kumtibu jamaa kwa heshima. Nasema, “Mwambie jamaa yako, mwanamume akishavuka miaka hamsini akaanza kuamka usiku namna hiyo, aende hospitali wakamwangalie tezi dume, asinywe mizizi.” Anapumua. “Nitamwambia.” Akifika mlangoni anarudi. “Anauliza, inauma?”

Wa tatu ndiye ananiharibia hesabu ya jioni. Anaingia, anakuta mama na watoto, anasema, “Pisha hao kwanza.” Wanakwisha. Anaingia mwingine, “Mhudumie huyo kwanza, mimi sina haraka.” Ili asionekane amekaa bure ananunua pamba. Ananunua plasta. Ananunua wembe. Duka likishakuwa tupu ananisogelea na kunong’ona neno ambalo halina mwanzo wala mwisho: “Zile… mnazo?” Namwambia zile zinahitaji cheti cha daktari na hazimo kwenye orodha yangu, na hilo vumbi la Kongo analouziwa stendi hakuna anayejua ndani yake mna nini, moyo wake ukikimbia asije akamsingizia mkewe. Anaondoka na pamba. Nyumbani kwake lazima kuna pamba ya kujazia godoro.

Nikumbuke pia ile kampeni ya Furaha Yangu ya mwaka 2018, serikali ilipoamua kuwabembeleza wanaume hasa ndio wajitokeze kupima virusi vya UKIMWI, kwa sababu wanawake walikuwa wanapimwa kliniki na wanaume wako nyumbani wanangoja habari. Nilimuuliza kijana wa gereji hapa jirani kama ameshapima. “Nimepima.” Lini? “Mke wangu alipima mwezi wa tatu, yuko salama.” Nikamwambia hicho ni kipimo cha mkeo, wewe una damu yako. Akanitazama kama mtu niliyemwambia mambo ya siasa.

Msinielewe vibaya. Sisemi wanaume hawatafuti habari. Mbele ya duka langu kuna kijiwe cha kahawa, na hapo nimegundua wanaulizana kutwa nzima, ila wameitoa alama ya kuuliza. Fundi mmoja wa magari alipimwa presha akaambiwa imepanda. Mwanamke angesema: jamani nimeambiwa nina presha, nifanyeje? Fundi hakusema hivyo. Aliketi, akachukua kikombe, akatafuna kashata, halafu akatangaza kwa sauti: “Presha ni ugonjwa wa mawazo tu. Na zile dawa ukianza, umekwisha.” Akanyamaza.

Kijiwe kikalipuka. Mmoja akasema mwongo, baba yake anazinywa miaka na miaka na bado anapanda baiskeli mpaka Mzumbe. Mwingine akasema dawa ni kitunguu saumu asubuhi kabla ya kula chochote. Wa tatu akasema kuacha chumvi. Wa nne akasema presha ya fundi ni Yanga, apunguze Yanga. Mzee wa pembeni, aliyekuwa kimya, akasema kaka yake aliziacha dawa hizo mwenyewe alipoona amepata nafuu, na sasa upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Fundi akabisha kila neno. Alibisha kwa ustadi, akamvuta kila mmoja aseme alichonacho: dawa gani, nani kaitumia, ilimfanyaje, hospitali gani, shilingi ngapi. Kahawa ilipokwisha alikuwa ameshakusanya kila kilichomo vichwani mwao na heshima yake haijapungua hata senti. Kesho yake akaja kwangu. “Nasikia hapa mnapima presha. Si kwamba naumwa, nilikuwa napita.”

Nilimvulia kofia. Tatizo ni moja tu: hapo kijiweni wote ni mafundi magari.

Na nimewahi kuona siku wanaume walipokubali kupanga foleni bila kusukumwa. Mwaka 2011, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, yule tuliyemwita Babu, akiwa kijijini Samunge anatoa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500, magari yamepanga foleni kilomita na kilomita. Shemeji yangu, mtu ambaye hospitali hapiti hata kwa mbele, alikodi gari na wenzake akalala njiani. Kikombe hicho sitakisemea zaidi ya haya: wapo walioacha dawa zao kwa ajili yake na tukawazika. Lakini nilijiuliza sana shemeji alivutwa na nini, mpaka nikaelewa. Babu hakumuuliza mtu anaumwa nini! Kikombe kilikuwa kimoja kwa kisukari, kwa saratani, kwa UKIMWI, kwa lolote ulilokuja nalo. Unafika, unakunywa, unaondoka. Hakuna fomu, hakuna “ilianza lini,” hakuna kuvua shati.

Tugeukie wenzangu, nisije nikaambiwa napendelea.

Mama akiwa na mtoto anayeharisha, hafiki kwangu kuuliza. Anafika kusahihishiwa. Ameshapita kwa jirani, ameshapita saluni, ameshalifikisha jambo kwenye kundi la WhatsApp la kikoba. Anasimama kaunta anaanza kunisomea: “Dokta, jirani kasema maji ya mchele. Mama mkwe kasema mwarobaini. Msusi kasema ni meno ya plastiki yang’olewe. Kwenye kundi kuna nesi kasema ORS na zinki, lakini mwenyekiti wa kikoba kasema wa kwake alimpa ndizi akapona. Wewe unasemaje?” Yaani mimi, niliyekaa darasani, ni kura ya sita.

Napandisha sauti kwenye meno ya plastiki, na sitaacha kuipandisha. Hakuna meno ya plastiki. Ni fizi za mtoto zenye meno yake halali yanayotaka kutoka, na anayezikata na spoku ya baiskeli anampa mtoto kidonda na maambukizi juu ya kuharisha. Nasema ORS na zinki, nesi yuko sawa. Mama anaitikia, “Sawa dokta.” Analipa. Anakunja bahasha. Halafu, “Lakini ile ndizi nayo si haina madhara?”

Kwa muda mrefu niliamini hawa wenzangu wanapenda tu kuuliza, ni mazoea, ni hamu ya kuongea. Mpaka siku moja mama mmoja akiwa hapo kaunta, mtoto mgongoni, simu yake ikaita na akaiweka sauti ya wazi kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa. Mama mkwe. Bila salamu ndefu: “Ameanza lini? Mara ngapi tangu asubuhi? Rangi gani? Ananyonya? Umempa nini? Nani kakwambia umpe hicho? Ulimuuliza dokta kuhusu macho? Kwa nini hukuuliza?” Mama wa watu anajibu huku ananiangalia, na asilolijua ananitupia mimi kwa macho. Haikupita muda akapiga dada wa mume, maswali yaleyale. Kisha akapiga mume mwenyewe, na huyo maneno yake nilisikia yote: “Vipi, mtoto?” “Tuko dukani.” “Haya.”

Nadhani hata yeye, huyo mume, alipigiwa simu na mama yake siku hiyo. Na naweza kuapa alivyojibu: “Mama yake anashughulikia.” Hakuna atakayemuuliza rangi gani.

Basi nikaacha kuwanunia kiasi fulani. Huyu mama hakusanyi majibu sita kwa umbea. Kuna kikao kinamngoja nyumbani, na kwenye kikao hicho kusema “sikuuliza” ni kesi. Mwanamume kikao chake kiko kijiweni, na pale kesi ni kusema “sijui.” Hata kliniki ni hivyohivyo: mjamzito akienda mara ya kwanza bila mwenzake, sehemu nyingi atatakiwa akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa ieleze mume yuko wapi. Mume akienda popote peke yake, sijasikia anadaiwa barua ya mke.

Kwangu nyumbani mambo yako vilevile, na sina pa kukimbilia. Mume wangu ana maswali mengi kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini yote anayauliza kupitia mimi. “Muulize yule mwenzio wa maji mbona bili imepanda.” “Muulize mwanao hii simu inazimwaje.” Umeme ukikatika, atakaa gizani akibishana na mita ya LUKU kuliko kumwita jirani. Halafu anamtuma mtoto: “Kachungulie, kwao kunawaka?” Kuchungulia si kuuliza. Mtoto akirudi na kusema kwao kunawaka, baba mtu ananigeukia: “Uliweka umeme lini?”

Yeye ni Mluguru, na Waluguru ukoo wao wanaufuata kwa mama, kwa hiyo jambo zito halina budi lifike kwa mjomba. Alipotaka kununua pikipiki ya mkopo alipanda huko milimani na kilo mbili za sukari. Mimi nilikwenda naye nikaona kwa macho yangu. Walikaa barazani, wakazungumza mvua. Wakazungumza ndizi. Wakataja waliokufa. Pikipiki haikutajwa hata mara moja, na nilikuwa nimekaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Tulipoaga, mjomba akamshika mkono akamwambia, “Ile pikipiki, mwanangu, riba yake ni kubwa. Ngoja mavuno.” Njia nzima ya kushuka mume wangu alikuwa anastaajabu: “Umemwona mjomba? Wazee wana kipaji. Sikumwambia kitu, amejua!”

Nilimpigia mjomba simu siku mbili kabla. Hilo litabaki kati yangu, mjomba na nyinyi wasomaji, na mume wangu hasomi safu hii kwa sababu anasema anajua nitakachoandika.

Jana jioni, nimeshaanza kuzima taa za nje, akaingia kijana mmoja akitweta. Mkewe kamtuma: mtoto anaharisha tangu mchana. Nilimuuliza kama ana homa, kama choo kina damu, kama bado ananyonya; akasema hayo hakuambiwa. Nikampa ORS na zinki, nikamwandikia kwenye bahasha: pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, imalizike ndani ya saa ishirini na nne, ikibaki imwagwe, zinki kidonge kimoja kwa siku, siku kumi, hata kama ameacha kuharisha. Akasoma, akaitikia, akaondoka.

Akarudi. “Anauliza maji yawe ya moto au ya baridi.”

Yaliyochemshwa yakapoa. Akaenda. Akarudi. “Anauliza, akitapika?”

Asubiri dakika kumi, aanze tena kidogokidogo kwa kijiko. Akaenda. Nikavuta geti nusu. Akarudi, jasho linamtoka sasa, anakaa mbali kidogo na hapa nadhani. “Anauliza zinki inasagwa au anameza, na aendelee kumnyonyesha, na eti ile ndizi…”

“Baba,” nikamwambia, “mwambie mama mtoto anipigie.”

“Simu yake haina chaji.”

“Basi mwambie aje.”

“Na mtoto nani atamshika?”

Nilimwangalia. Naye akaniangalia, akaona nilichokuwa nafikiri, akashusha macho kwenye kaunta. Kisha akachomoa kalamu yangu kwenye kopo, akaigeuza ile bahasha upande mtupu, akasogea karibu kabisa.

“Dokta, tufanye hivi. Wewe ni mama, unawajua. Niambie maswali yote anayoweza kuuliza mpaka kesho asubuhi, niyaandike na majibu yake. Nikifika nampa yote kwa mkupuo.”

Nikamwambia bahasha moja haitatosha. Akatoa mfukoni nyingine.